Jerusha Nyasuguta, Aliyeilinda Redio Isiyo na Mlango

Mimi ni Odoyo wuod Kaksingri, yaani mwana wa Kaksingri. Nina miaka sitini na nane. Nimewazika wake wawili, nimemaliza Land Rover nne kwa barabara mbaya, nimeona mameneja watano wakija na kuondoka, na mgodi wa Macalder ulifungwa nikiutazama kwa macho yangu. Nasema hivi ili msomaji ajue anayeandika si mtoto, na kwamba nilikuwepo. Ninayemwandika ni Jerusha Nyasuguta, opereta wa redio wa Umoja wa Zahanati za Ziwa na Mpaka, aliyeajiriwa tarehe moja Machi 1971 na anayestaafu Ijumaa, tarehe 31 Julai 1998. Miaka ishirini na saba na miezi mitano. Watu wengi hawawezi kukaa na mke mmoja muda huo.

Ofisi ilikuwa imeshaandika wasifu wake. Nusu ukurasa. "Mchapakazi, mpole na mcheshi." Mcheshi! Walioandika hayo hawajawahi kukaa naye hata nusu saa. Nikaomba niandike mimi, wakacheka. Nikachukua kiti changu cha getini, kwa sababu siku hizi mimi ni mlinzi wa geti, si dereva tena, nikakaa nacho mbele ya meza ya Liz, mpiga taipu, siku tatu. Siku ya nne Liz akasema, "Mzee, andika basi, mimi nitapiga. Herufi nirekebishe?" Nikamwambia herufi arekebishe, maneno asiguse hata moja.

Jerusha alikuja Homa Bay kutoka upande wa Kisii akiwa na sanduku la mbao na Biblia. Msabato kamili: Jumamosi hata ungemwambia nyumba inaungua, angekuuliza kama kuna mtu ndani kwanza. Alianza kwa kuandika kadi za wagonjwa. Mwaka 1978 Umoja ulinunua redio za mawasiliano, zile za kubonyeza kitufe na kusema "ova". Moja ikakaa Homa Bay, moja Mfangano, moja Macalder, moja Ntimaru, na magari mawili yakapewa ya kwao. Meneja wa wakati ule alitafuta mtu mwenye sauti. Jerusha alikuwa na sauti ya kumwita mtu kutoka mlima mpaka mlima. Akapewa redio.

Wote tuliichukulia redio ile kama simu. Yeye peke yake ndiye aliyeona kwamba siyo. Simu ina waya, maneno yanapita ndani ya waya kama maji kwenye bomba. Redio inamwaga maneno hewani. Alikuwa anasema, "Ukimwaga mtama uani, huwezi kumwambia kuku wa jirani asile." Kampuni moja ya barabara ilipomaliza kazi iliuza redio zake kwa mnada, na waliozinunua hawakuwa wote wachungaji wa kanisa. Sisi tulikuwa tunatangaza kila asubuhi: gari limetoka, limebeba hiki, linapita hapa, litafika saa hii. Kama tungeandika barua kwa wezi tusingewaeleza vizuri zaidi.

Alipomwambia meneja, meneja akasema, "Nani atakaa asikilize mambo ya dawa za minyoo?" Jerusha hakubishana. Mwaka 1991, wiki moja, alisema hewani kwamba Jumatano inayofuata daktari wa meno atakuja Mbita kung'oa bure. Hakumwambia mtu yeyote kwa mdomo wala kwa barua. Maneno yale yalipita hewani tu, mara moja. Jumatano watu arobaini na watatu walikuwa wamepanga foleni Mbita, mashavu yamevimba, wengine wamejifunga leso. Meneja akaona kwa macho yake. Lakini Jerusha hakufurahi. Watu wale walikuwa na maumivu ya kweli, na yeye alikuwa amewadanganya ili kumfundisha meneja. Alizunguka hospitali tatu akiomba, na baada ya siku tisa alipata daktari wa meno wa kweli akampeleka Mbita. Mimi ndiye niliyemwendesha.

Baada ya hapo akapewa ruhusa ya kuweka sheria zake. Usiseme mzigo, saa na barabara kwa pumzi moja. Dripu ziitwe viazi, chanjo ziitwe mayai, na mwezi ukiisha majina yabadilike. Anayezungumza na aliye karibu apunguze nguvu ya redio, sauti isivuke ziwa bure. Redio ya gari ifungwe kwa kufuli dereva akishuka.

Kufuli hiyo tuliidharau, mpaka redio ndogo ya mkononi, tuliyoongezewa baadaye, ilipoibwa Macalder mwaka 1992, mchana kweupe, mhudumu akiwa amekwenda kutazama watu wanaochekecha dhahabu. Meneja akasema, "Tutabadilisha chaneli. Jerusha, watangazie vituo vyote chaneli mpya."

"Niwatangazie kwa redio?"

"Kwa kitu gani kingine?"

"Meneja, mwizi ana redio yetu mkononi. Unataka nimwambie ufunguo tumeuhamishia wapi?"

Akabeba bisibisi na karatasi, akapanda boti kwenda Mfangano, yeye anayeogopa maji kuliko chui. Alitapika kwenda na kutapika kurudi. Macalder na Ntimaru nilimpeleka mimi kwa gari. Kila kituo alibadilisha kwa mkono wake, akanong'ona, akaondoka. Siku tatu. Ofisini walimcheka kwamba Mkisii amewalisha samaki badala ya yeye kuwala. Hakuna aliyesema asante.

Naye alijua kwamba chaneli mpya ni uzio wa miiba tu. Mtu mwenye subira atazungusha kitufe mpaka atupate. Kinachomzuia mwizi, alisema, ni swali asilokuwa na jibu lake. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo mpaka leo nalistaajabia. Alichukua desturi yetu sisi Waluo, ile tunayoiita pakruok. Kwenye ngoma mtu anainuka, anamsimamisha mpiga nyatiti, kile kinubi chetu cha nyuzi nane, anajisifu mwenyewe mbele ya watu: mimi ni fulani, radi ya mahali fulani. Jerusha, Msabato asiyecheza ngoma, alikaa akaandika majigambo. Kila kituo na kila dereva alikuwa na safu yake kwenye karatasi, jigambo moja kwa kila siku. Ukiita, anakuambia "Jisifu, ova," nawe unasema la siku hiyo. Likishasemwa linakatwa kwa kalamu nyekundu. "Jibu likishapita hewani limekufa," alisema. "Atakayelirudia ni mwizi au ni mjinga."

Mjinga alikuwa mimi.

Watu wengi hawajui jambo hili na sasa watalijua. Wakati ule nilikuwa sijui kusoma. Namba nilizijua, na vibao vya barabara nilivijua kwa umbo. Leseni niliipata mwaka 1957 kwa kuendesha, si kwa kuandika. Kila Jumatatu Jerusha alinipa karatasi, nami niliikunja vizuri nikaitia mfuko wa shati, nikaenda zangu. Aliponiita nilibonyeza kitufe na kunguruma: "Ni Odoyo wuod Kaksingri, ndovu asiyepisha gari!"

"Mzee, hilo si la leo, ova."

"Ndilo langu la kila siku! Ova!"

Nilisikia Mfangano wakicheka, nikaona nimependeza. Migori mjini vijana wa stendi walikuwa wakiniona wanapiga kelele, "Ndovu! Ndovu asiyepisha!" nami nilipiga honi. Sikujiuliza wamelijua wapi.

Wiki ya pili Jerusha alikuja dirishani kwa gari akanipa karatasi. "Mzee Odoyo, hebu nisomee ya leo." Nikaishika, nikaitazama kama mtu anayefikiri, nikasema miwani nimeiacha nyumbani. Sikuwa na miwani. Na karatasi alikuwa amenipa kichwa chini miguu juu, nami sikuigeuza. Aliiona. Hakucheka. Aliichukua akaigeuza taratibu akanirudishia.

Tangu siku hiyo alikuwa ananingoja getini kila asubuhi na kuniambia jigambo la siku kwa mdomo, polepole, watu wasisikie. Je, nilishukuru? Nilimwambia, "Mjaluo hapewi sifa na Mkisii. Sifa zangu ninazo." Nikaendelea na ndovu wangu. Yeye akawa na mambo mawili ya kuchagua: kunikataa hewani mpaka ofisi nzima ijue kwa nini, au kunikubali. Alinikubali.

Alhamisi, tarehe 22 Septemba 1994, Ntimaru walikuwa na ugonjwa wa kuhara na kutapika. Watu walikuwa wamelala kwenye mikeka nje ya zahanati. Mwikwabe, dereva wetu wa pili, alibeba katoni za dripu. Mimi nilikuwa Macalder. Redio ya gari nilikuwa nimeizima kwa sababu nilikuwa nakula na sikutaka kusumbuliwa.

Sauti ikaita Homa Bay. Redio zetu zilimfanya kila mtu asikike kama amefunikwa blanketi. Ikasema gari la Odoyo limeharibika, Mwikwabe yuko wapi na anapita njia gani, amletee jeki.

Jerusha akasema, "Jisifu, ova."

"Ndovu asiyepisha gari! Ova!"

Akajibu. Ametoka Kehancha saa nne, anafuata barabara ya chini. Sentensi moja tu, katika miaka ishirini ya redio.

Walimngoja Mwikwabe pale barabara inaposhuka mtoni. Walimvunja mkono wa kulia kwa rungu, wakachukua katoni zote, wakavuka mpaka. Ntimaru, muuguzi Emmah alichemsha maji, akatia chumvi na sukari, akawanywesha wagonjwa kwa kijiko siku mbili bila kulala. Aliokoa wengi. Watatu hakuwaokoa. Mmoja alikuwa mama aliyefika na mtoto mgongoni, na mtoto ndiye aliyerudi nyumbani, mgongoni kwa mtu mwingine.

Kamati iliitwa. Nilikuwa kwenye benchi la mashahidi, futi sita kutoka kwa Jerusha.

"Orodha ya majibu ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Jibu lilikuwa sahihi?"

"Halikuwa."

"Sasa ulilikubali kwa nini, mama? Sheria umeziweka mwenyewe, umezivunja mwenyewe!"

Jerusha akatazama mikono yake. Nilijua maneno gani yako mdomoni mwake. *Mzee huyu hajui kusoma.* Maneno manne. Angeyasema, ingekuwa aibu yangu na angetoka pale mzima. Alisema, "Nilikosea."

Mwenyekiti akanigeukia. "Mzee, una la kuongeza?"

Nikasema, "Redio nilikuwa nimeizima. Nilikuwa nakula." Watu wakacheka kidogo, wakaniambia nikae. Mimi, ndovu asiyepisha gari, nikakaa.

Alipewa barua. Imeandikwa "uzembe uliosababisha vifo". Iko kwenye faili yake mpaka leo. Kila Desemba, cheti cha utumishi mrefu kikitolewa, jina lake lilirukwa, kwa sababu kanuni inasema mwenye barua ya namna hiyo hapewi. Wameitwa watu wa miaka kumi, wameitwa watu wa miaka sita. Na kesho kutwa, kwenye sherehe ya kumuaga, ambayo karatasi yake ndiyo hii mnayoisoma, ratiba inasema "chai na maandazi". Cheti hakipo. Niliuliza. Nikaambiwa, "Mzee, unajua ile barua."

Naijua. Naijua kuliko aliyeiandika.

Wiki moja baada ya kamati, Jerusha alivuta stuli akaiweka kando ya redio. "Mzee, kaa hapa." Nikamwambia nina kazi. Akasema, "Kaa." Akaandika jina langu. Saa ya chakula cha mchana, kila siku isipokuwa Jumamosi, alinifundisha, nikiwa na miaka sitini na minne, vidole vimezoea usukani havijazoea penseli. Neno la kwanza nililosoma bila kusaidiwa lilikuwa "ndovu". Tulitazamana. Sikuweza kuendelea siku ile.

Sijawahi kumwambia pole. Miaka minne. Kichwa changu ni kigumu, mama yangu alisema nilizaliwa nacho hivyo. Nilimpelekea samaki. Kila Jumapili jioni, ngege mkubwa, nimemchagua mwenyewe ufukweni. Alipokea, akaniangalia, akasema, "Samaki tena, mzee? Na maneno utaleta lini?"

Nimeyaleta, Mama Jerusha. Yamechelewa, lakini nimeyaandika kwa mkono uliouzoeza wewe.

Wanaobaki na redio hizi, na hizo simu mpya zisizo na waya ambazo nasikia zinakuja, nawaambia alichotuambia yeye: hewa haina mlango. Mlango ni mtu anayeshika kitufe. Msiamini sauti kwa sababu mmeizoea. Msiamini jina kwa sababu ni kubwa. Swali liulizwe kila siku na jibu liwe la siku hiyo, hata kama anayeita ni mzee anayeheshimiwa, na hasa kama ni mzee anayejisifu. Na kama kuna mmoja wenu asiyejua kusoma orodha, msimcheke. Mfundisheni mapema, kabla ya mambo kuharibika.

Na ofisi nawaambia hivi. Barua ile itolewe kwenye faili ya Jerusha Nyasuguta kabla ya Ijumaa jua kuzama, maana jua likizama ni Sabato yake na hatapokea kitu. Itiwe kwenye faili yangu. Faili yangu ni nyembamba, nafasi iko. Cheti kisomwe mbele ya watu kwa sauti kubwa. Mkikosa msomaji, mimi nipo.

Kwake yeye, asante ni neno dogo lakini ndilo nililo nalo. Nenda ukalale usingizi usiokatizwa na kelele za redio. Ukiitwa, uitwe na wajukuu zako, na uwafungulie bila kuwauliza jibu la leo.

Anayebisha haya aende Migori kwa Mwikwabe, atazame mkono wake wa kulia ambao haunyooki. Aende Ntimaru amuulize Emmah. Amuulize Liz, aliyepiga taipu ukurasa huu akilia na kunikataza kuandika kwamba alilia. Shahidi wa nne ni karatasi ya Septemba 1994, ambayo Jerusha hakuionyesha kamati. Aliificha ndani ya Biblia yake na wiki iliyopita amenipa. Safu ya Mfangano imekatwa mistari myekundu juu mpaka chini. Ya Macalder vilevile, ya Ntimaru vilevile, ya Mwikwabe mpaka siku aliyovunjwa mkono. Yangu ni safi, haina hata mstari mmoja. Nimeisoma yote, mimi mwenyewe, nikiwa nimevaa miwani ya kweli. Majigambo mazuri, mengine yalinichekesha. Nikafika tarehe ishirini na mbili. Jibu ambalo mwizi yeyote kutoka Kisumu mpaka Musoma asingeliotea, alilonisomea getini asubuhi ile nami nikampita na gari, limeandikwa hivi: "Odoyo, leo hajisifu."